Mama Aliyetolewa Ovari kwa Ajili ya Saratani: Tumsaidieje Bila Dawa za Homoni?

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wanavikundi vya kujisaidia, Kaloleni)

  Mara nyingi tukija kwenu tunazungumza habari za vyoo, za mbuzi wa maziwa, za kuweka akiba na kulipa mikopo kwa wakati. Leo akina mama wametuomba tuzungumze jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona. Tutalisema wazi, kwa heshima, na akina baba tunawaomba msiondoke, maana nusu ya mambo haya yanawahusu ninyi.

Jambo lenyewe ni hili. Mama kijana, pengine wa miaka 32 au 38, anaugua saratani. Anapelekwa Mombasa, anapasuliwa, anatolewa ovari zote mbili. Kidonda kinapona, anarudi nyumbani, watu wanashukuru, kuku anachinjwa. Halafu baada ya siku chache au wiki mbili tatu huyo mama anaanza kuwaka moto mwilini. Usiku halali. Analia bila sababu. Viungo vinauma kama vya bibi kizee. Mume akimkaribia anaumia. Anafikiri saratani imerudi, au amerogwa, au amekuwa mvivu kama mama mkwe anavyosema. Si hayo yote. Ni hedhi iliyokoma kwa kisu.

Basi tuanze na neno hilo, ovari. Hapa kwetu watu husema tu "ametolewa kizazi", na habari inaishia hapo. Lakini kizazi ni kitu kimoja na ovari ni kitu kingine. Kizazi ni ile nyumba anamokaa mtoto miezi tisa. Ovari ni vifuko viwili vidogo, kila kimoja kadiri ya kungu moja, kimoja huku na kimoja huku. Kazi zake ni mbili: kutoa mayai ya uzazi, na kutengeneza homoni ya kike iitwayo estrojeni. Homoni hiyo husafiri na damu na kufanya kazi mahali pengi: inasaidia mwili kupima joto lake, inalinda mifupa, inalainisha uke, inasaidia usingizi na hata mishipa ya moyo.

Mama akitolewa kizazi peke yake, hedhi inakoma kwa sababu hakuna tena mahali pa kutoka damu, lakini ovari zinaendelea na kazi yake. Akitolewa ovari zote mbili, karibu estrojeni yote inakatika siku ile ile. Mionzi inayopigwa nyongani nayo huzimaliza ovari hata kama hakuna aliyezigusa kwa kisu, na dawa za kemo zinaweza kuzisimamisha, kwa muda au kabisa. Kwa kawaida hedhi hukoma mwanamke akiwa kati ya miaka 45 na 55, na mwili hupewa miaka kadhaa ya kuzoea. Huyu wetu amepewa usiku mmoja. Ndiyo maana msimlinganishe na shangazi yenu aliyemaliza hedhi akiwa na miaka 50, akaendelea kulima kama kawaida.

Mtauliza, kwa nini daktari azitoe? Wakati mwingine saratani yenyewe iko ndani ya ovari. Wakati mwingine zinatolewa pamoja na kizazi ili ugonjwa usibaki. Na wakati mwingine saratani iko kwenye titi, lakini ni ile aina inayolishwa na estrojeni, hivyo madaktari wanakata chakula chake. Jambo hili si jipya. Daktari wa upasuaji huko Glasgow, Uskoti, aitwaye George Beatson, alimtoa mama mmoja ovari mwaka 1895, na uvimbe uliokuwa umesambaa kifuani ukanywea. Siku hizi kuna sindano za kuzilaza ovari bila kupasua, lakini zinadungwa mwezi baada ya mwezi na bei yake ni kubwa, kwa hiyo katika nchi kama zetu kupasuliwa mara moja bado ni njia ya maana.

Sasa tunakuja penye neno kubwa la leo. Mama aliyekoma hedhi mapema angeweza kupewa homoni kwa vidonge au kiraka cha kubandika, ile estrojeni aliyoikosa ikarudishwa. Lakini wengi wanaambiwa, "Wewe ulikuwa na saratani, usiguse homoni." Je, ni kweli? Kwa wengine ni kweli kabisa. Kwa wengine si kweli, na wanateseka bure.

Aliyekuwa na saratani ya titi, hasa ile inayolishwa na homoni, haifai kupewa. Kulikuwa na utafiti ulioongozwa kutoka Uswidi, ulioanza mwaka 1997, ambapo wanawake waliotibiwa saratani ya titi waligawanywa, wengine wakapewa homoni na wengine hawakupewa. Mwaka 2003 ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kati ya wanawake 345 waliokuwa wamefuatiliwa, saratani ilikuwa imerudi au kutokea upya kwa 26 wa kundi la homoni, na kwa 7 tu wa kundi lisilopewa. Hapo hakuna la kubishana.

Lakini saratani ya mlango wa kizazi, ambayo pamoja na ile ya titi ndizo zinazowapata wanawake wengi zaidi hapa Kenya, mara nyingi ni ya aina isiyolishwa na homoni. Mama wa miaka 36 aliyetibiwa aina hiyo anaweza kuongea na daktari kuhusu homoni, na mara nyingi ushauri ni atumie mpaka afikie umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Kama kizazi bado kipo, kwa mfano alitibiwa kwa mionzi tu, atahitaji homoni ya aina ya pili pamoja na estrojeni. Hilo daktari atalipanga. Kwa saratani ya ndani ya kizazi na ya ovari zenyewe, jibu linategemea aina na hatua ya ugonjwa.

Kwa hiyo kila mama aliyepasuliwa ajue mambo mawili: alikuwa na saratani gani, na alitolewa nini. Msiogope kuuliza. Ombeni karatasi ya upasuaji na karatasi ya maabara, ile ya kipande cha nyama kilichopimwa. Kwa saratani ya titi mtaona herufi ER na PR. Hizo ndizo zinazosema kama ugonjwa ulilishwa na homoni. Tunaona karatasi hizi zikifungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuchomekwa kwenye makuti ya paa, panya wanazila. Katibu wa kikundi akubali kuzihifadhi pamoja na vitabu vya akiba, kama mwenyewe anapenda. Ni mali kuliko hati nyingine nyingi tunazozifungia.

Haya, tuseme mama wetu ni wa titi, hawezi kupewa homoni. Je, amekwisha? Hapana. Tuchukue tatizo moja moja.

La kwanza ni lile joto, ambalo sisi tunaliita fukuto. Linaanza kifuani, linapanda shingoni na usoni, moyo unapiga mbio, jasho linatoka, halafu baridi. Dakika chache tu limepita, lakini linaweza kurudi mara nyingi kwa siku. Na hapa Kaloleni, wakati wa kaskazi, Februari na Machi, hata mwenye ovari zake anatota jasho! Basi huyu atahitaji kupunguza kila joto linaloweza kupunguzwa. Nguo za pamba na leso, si nailoni. Avae mbili nyepesi badala ya moja nzito, ili aweze kuvua ya juu. Chupa ya maji karibu. Kitambaa chenye maji begani au shingoni. Kupika kufanyike alfajiri, na nje penye upepo ikiwezekana, si ndani ya jiko lenye moshi mchana wa saa saba. Ajiangalie mwenyewe ni nini kinamwamsha fukuto: wengine ni pilipili, wengine chai ya moto sana au kahawa, wengine ni mnazi. Tukiwa kwenye mnazi, tuseme kabisa kwamba pombe huongeza hatari ya saratani ya titi, kwa hiyo huyu mama ana sababu mbili za kuacha kibuyu kimpite. Ugoro na sigara vile vile.

Usiku ndio mgumu zaidi. Godoro la sponji linashika joto. Mkeka juu ya kitanda cha kamba unapitisha hewa. Na hapa mtatucheka, lakini tutasema: sote tumekimbilia mabati kwa sababu makuti yanavuja na kuisha upesi, na ni kweli, lakini nyumba ya mabati isiyo na dari ni tanuri mpaka saa sita za usiku. Kama boma bado lina chumba cha makuti, alale huko. Chandarua kisiachwe kwa sababu ya joto, malaria haina huruma na mtu aliyetoka kwenye kemo.

Na kuna jambo zito zaidi kuhusu usiku. Mama mmoja tuliyemtembelea, hatutamtaja wala kijiji chake, alikuwa akiamka saa nane usiku, anatoka nje, anavua leso ya juu na kukaa chini ya mwembe mpaka mwili upoe. Usiku mwingine mara mbili. Jirani akamwona. Wiki ile ile maneno yakaanza: anafanya nini usiku wa manane, tena karibu uchi, tena mtoto wa fulani anaumwa? Ninyi ni watu wa Kilifi, mnajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Watu wameuawa katika kaunti hii kwa kushukiwa uchawi, na kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishwa na watoto wao wenyewe. Mwenyekiti wa kikundi chake alifanya vizuri. Alimwuliza kwanza, "Ndugu yangu, utaniruhusu nieleze?" Aliporuhusiwa alikwenda kwa majirani, nyumba kwa nyumba, akasema waziwazi kwamba huyu anatibiwa, daktari amekata kitu kinachopima joto la mwili, mkimwona usiku msalimieni. Kisha wanakikundi wakamjengea ua wa makuti nyuma ya nyumba yake, akaweka mkeka wake humo. Maneno yakafa.

Tunawaomba mlishike hilo. Fukuto lenyewe haliui mtu. Maneno ya watu yanaweza.

Tahadhari nyingine: si kila jasho ni fukuto. Tumewakuta akina mama waliokunywa dawa za malaria mara nne kwa mwezi kwa sababu ya joto la usiku. Msimeze dawa ya malaria kabla ya kupimwa kidole. Na jasho la usiku likija pamoja na kikohozi kinachopita wiki mbili, au mwili kukonda, hiyo ipimwe kifua kikuu. Na mama aliyetolewa ovari akiona damu inatoka ukeni, au maumivu ya mgongo au mifupa yasiyotulia hata akilala, asingoje siku ya kliniki iliyoandikwa, aende.

Kuna dawa za hospitali zisizo homoni ambazo hupunguza mafukuto. Mbili mnazoweza kuzisikia ni venlafaksini na gabapentini. Ya kwanza ni ya jamii ya dawa za huzuni, lakini hapa hutolewa kwa kipimo kidogo kwa ajili ya joto; mama asione kwamba anaitwa kichaa. Ya pili huleta usingizi, kwa hiyo huwafaa wale wanaosumbuka usiku. Hizi si dawa za kununua dukani kwa kukisia. Tena mama anayemeza tamoksifeni amwambie daktari kila kitu anachomeza, kwa sababu baadhi ya dawa za huzuni, kama paroksetini na fluoksetini, huizuia tamoksifeni isifanye kazi yake vizuri. Tamoksifeni yenyewe huleta mafukuto, na wengi wanaiacha kimya kimya. Usiiache. Mwambie daktari inakusumbua, atafute njia.

Na mitishamba? Hatuko hapa kuwatukana waganga wetu. Lakini baadhi ya mimea ina vitu vinavyofanana na estrojeni ndani yake, na mama wa titi ndicho anachokimbia. Zile chupa zinazouzwa stendi ya Mariakani zenye maneno ya kurudisha homoni za kike, hakuna ajuaye zimejazwa nini. Pesa hiyo inunue maziwa. Tutaeleza kwa nini.

Kuna njia nyingine isiyo na dawa kabisa, na inafaa sana vikundi. Mwaka 2012 watafiti wa London walichapisha habari za wanawake 96 waliotibiwa saratani ya titi na kusumbuliwa na mafukuto. Nusu yao walikutana kwa vikundi, mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki sita. Walifundishwa kupumua pole pole kwa tumbo, kupanga usingizi, na kuyatazama mawazo yanayokuja fukuto linapoanza, kama lile la "kila mtu ananitazama, nimeaibika". Idadi ya mafukuto haikubadilika sana. Lakini usumbufu wake ulipungua, usingizi na moyo vikawa bora, na faida ilikuwapo bado miezi sita baada ya kuanza. Sisi tunaona hapa hakuna kitu cha Kizungu sana. Wanawake kukutana kila wiki na kusema ukweli, si ndiyo kazi ya vikundi vyenu? Mkimpata muuguzi au mshauri wa kuwaongoza, mnaweza.

Sasa mifupa. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu fukuto hupiga kelele lakini mifupa huisha kimya. Estrojeni ikikatika, mfupa hupoteza madini kwa kasi, hasa miaka ya kwanza. Nje mtu anaonekana mzima, ndani mfupa unakuwa kama nguzo iliyoliwa na mchwa. Siku moja anateleza kisimani, nyonga inavunjika, naye ana miaka 50 tu. Wanaomeza letrozoli au anastrozoli baada ya saratani ya titi wako katika hatari zaidi, maana dawa hizo humaliza hata estrojeni kidogo iliyosalia.

Mwili unahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu, yaani chokaa ya chakula, kwa siku, na 1,200 kwa aliyepita miaka 50. Kikombe kimoja cha maziwa cha mililita 250 kina karibu miligramu 300. Maziwa lala ni sawa sawa. Mbuzi wa maziwa tuliowahubiria miaka yote hii, basi leo mmejua kazi yake nyingine. Asiye na maziwa ale dagaa wazima na miba yao, kwa maana chokaa iko ndani ya miba. Wakikaangwa vizuri hata meno mabovu yanawaweza. Sukumawiki hutoa chokaa yake kwa urahisi kuliko mchicha na spinachi, ambazo zina kitu kinachoifunga. Sima ya muhogo na chai ya rangi peke yake haijengi mfupa. Tena mwili hauwezi kutumia chokaa bila vitamini D, ambayo jua hutupa ngozi ikipata mwanga. Mama aliyefungiwa ndani kwa ajili ya kulindwa anaikosa, hata katika nchi ya jua kama hii.

Mfupa pia unataka kazi. Ukibeba uzito wa mwili, unajijenga. Kutembea nusu saa kwa siku kunafaa, na kulima pia kunafaa. Lakini wiki sita za kwanza baada ya kupasuliwa tumbo, asibebe mtungi wala mzigo wa kuni, na asitwange. Hapo ndipo kikundi kinapogawana zamu. Baadaye, akishaangaliwa na daktari, aanze na kidumu cha lita tano, kisha kumi. Lile debe la lita 20 kichwani kwenye njia ya mawe, hatulipendi kwa mtu mwenye mifupa myepesi, kwa sababu ya kuanguka. Sawazisheni njia ya choo chake, wekeni taa. Kipimo cha uzito wa mifupa kinapatikana miji mikubwa tu, lakini aulize. Kuna kidonge cha mara moja kwa wiki kiitwacho alendronati: kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji mengi, na asilale wala kula kwa nusu saa, kisije kikaunguza koo.

Akina baba, sasa sikio huku. Bila estrojeni, uke unakuwa mkavu na ngozi yake nyembamba. Tendo la ndoa linauma, linaweza hata kutoa damu kidogo. Mama anakataa, baba anasema amechukiwa au ana mtu mwingine. Wengine wanaanza kusema habari za mahari irudishwe. Jamani! Mwanamke huyu hakuchagua. Kwanza, baada ya upasuaji subirini angalau wiki sita mpaka daktari aangalie. Pili, iko jeli ya maji ya kulainisha, inapatikana maduka ya dawa. Tatu, mafuta ya nazi ambayo Kaloleni hatuyaombi kwa mtu: yaliyopikwa nyumbani kwa tui, yakachujwa vizuri, yakawekwa kwenye chupa safi, bila marashi wala kitu kingine. Mikono ioshwe. Lakini sikilizeni: mafuta yoyote huharibu mpira wa kondomu. Wanaotumia kondomu watumie jeli ya maji tu, si mafuta. Na hili ni la maana kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi huwapata zaidi wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Msiweke sabuni, ndimu, tumbaku wala unga wa miti ndani. Aliyepigwa mionzi nyongani, uke unaweza kujifunga pole pole. Muuguzi anaweza kumwelekeza namna ya kuuzuia, kwa hiyo auliza bila aibu. Hamu nayo inaweza kupungua. Hapo hakuna kidonge, kuna maneno mazuri na uvumilivu. Hata kulala ubavuni mwake bila kudai kitu ni dawa.

Kuhusu uzazi tutasema kidogo, si kwa sababu ni dogo. Mama wa miaka 30 aliyetolewa ovari amefiwa na watoto ambao hawajazaliwa. Mwacheni aomboleze. Msimwambie "angalau uko hai" kila akilia.

Moyo nao uangaliwe. Watafiti wa Mayo Clinic, Minnesota, Marekani, walionyesha mwaka 2006 kwamba waliotolewa ovari zote mbili kabla ya miaka 45 bila kurudishiwa estrojeni walikufa mapema kuliko wenzao. Kwa hiyo presha na sukari zipimwe mara kwa mara. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine za kupimia presha na sukari. Mwiteni wa kijiji chenu. Chumvi ipungue, mafuta ya kukaangia yapungue.

Na pesa? Kikundi kinaweza kumlipia mwenzao mchango wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, asije akakatika katikati ya matibabu. Kinaweza kutoa nauli ya kliniki na mtu wa kumsindikiza, kwa sababu mtu mwenye hofu husikia nusu ya anayoambiwa. Wagonjwa wenye maumivu makali, Coast Hospice iko Mombasa, na kazi yao ni hiyo.

Baada ya mazungumzo watu waliuliza maswali. Tunayaandika machache.

Mzee mmoja aliuliza: je, mume anaweza kuambukizwa saratani akilala na mke aliyetibiwa? Jibu: hapana. Saratani haiambukizi. Kuna kirusi kinachoenezwa kwa kujamiiana ambacho baada ya miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, na ndiyo sababu tangu 2019 wasichana wa miaka 10 wanachanjwa hapa Kenya. Lakini saratani yenyewe haihami kutoka mwili mmoja kwenda mwingine.

Mama mmoja aliuliza: mimi nilitolewa kizazi miaka mitatu iliyopita na sina fukuto hata moja, je nina kasoro? Jibu: pengine ovari zako zimo bado. Tafuta karatasi yako uone. Na kama kizazi kilitolewa chote pamoja na ovari na huna fukuto, umshukuru mwili wako, lakini mifupa uilishe vile vile, kwa sababu inaisha hata bila joto.

Msichana mmoja aliuliza kwa niaba ya mama yake: fukuto litaisha lini? Jibu: halina siku maalumu. Kwa wengi hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwa wanawake waliokoma hedhi kwa kawaida, utafiti wa Marekani ulikuta nusu yao walisumbuka zaidi ya miaka saba, na waliopasuliwa wakiwa vijana wanaweza kusumbuka zaidi. Msichana alitikisa kichwa akasema, basi nitamjengea ule ua wa makuti. Tukamwambia aanze kabla ya kaskazi.